Binti Yangu Wakili Amenikataza Kuomba Radhi

Bi Kostansia mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi ndiyo tumepanga safari, na mimi hapa nimekaa jikoni kwangu Black Rock, kreti za Fanta ziko mlangoni, na sijui nizipakie kwenye gari au nizirudishe dukani. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Buffalo hakuna ninayeweza kumwambia, wote tunasali parokia moja na wote wanamjua binti yangu, nikimwambia mmoja leo kesho kwaya nzima inazo habari zangu.

Binti yangu anaitwa Fides, ni wakili. Alizaliwa kambini Tanzania, kule tulikokaa miaka mingi baada ya kukimbia Burundi, na tulipofika Amerika alikuwa bado anang'ang'ania sketi yangu uwanja wa ndege. Baba yake, Mungu amrehemu, alibeba mizigo ghalani mpaka mgongo ukakataa ili huyu mtoto asome, naye akasoma kweli, akapata nafasi ya kusomea sheria Louisville, tukampeleka wenyewe kwa gari, padre akambariki mbele ya watu, na kila mtu akajua huyu atakuwa wakili wa makampuni mwenye ofisi ghorofani, nami sikukanusha, nilijivuna sana.

Lakini kuna kitu kilimpata Louisville, Bi Kostansia, mpaka leo sijui ni kitu gani na hilo ndilo linaloninyima raha. Mwaka ule watu walikuwa barabarani wakiandamana kwa sababu polisi walimwua mtu mweusi, nikamwambia funga mlango ukae ndani, mambo hayo si yetu, sisi ni wageni hapa, akaniambia nimekaa ndani Mama, kumbe hakukaa. Halafu akaanza kwenda mahakamani kusaidia kutafsiri, siku moja ananipigia simu analia, ati kuna mzee wa Kikongo ameulizwa na hakimu kama anakubali kosa, na yule mzee kwa adabu yake akainamisha kichwa akajibu kama kwao wanavyomjibu mkubwa, "Ndiyo, patron, iko vile tu," na kila alichoulizwa akajibu hivyohivyo, Fides akatafsiri kila neno sawasawa, na yule mzee akafungwa. Wakati anaondolewa akamwuliza Fides kama sasa wamemruhusu aende nyumbani. Mimi nilisema pole yake mzee wa watu, nikarudi kwenye zamu yangu, sikuona hapo jambo la kumfanya mtu aliyesoma atupe maisha mazuri.

Akayatupa. Kampuni kubwa ya mawakili hapa hapa Buffalo ilimwita, akakataa, akaenda Columbus kwenye ile ofisi inayotetea watu wasioweza kuweka wakili wao. Nikamwuliza, huko nani anakulipa? Akasema serikali. Na anayewashtaki hao watu unaowatetea analipwa na nani? Akasema serikali. Basi wewe niambie, Bi Kostansia, kama mwenye nyumba ni mmoja, ugomvi wao utakuwa wa kweli? Pasaka iliyopita alikuja nyumbani, tuko mezani simu yake ikalia, mimi nikaipokea kwa sababu yeye alikuwa ananawa mikono, nikasikia sauti ya mashine inasema simu hii inatoka jela. Akaninyang'anya, akatoka nje kusimama kwenye theluji bila koti, akarudi macho mekundu, akavuta sahani yake. Toka siku hiyo nikaanza kudhani ana mchumba ndani, na nilipomwuliza alicheka vibaya sana, kicheko ambacho sikukipenda.

Sasa sikia lenyewe. Nina mtoto wa ubatizo, Karoli, mimi ndiye niliyemshika kichwa padre alipommwagia maji. Mama yake, Spés, tulipakana kambini, na sasa wanakaa Whitehall, huko huko Columbus, kwenye zile apatimenti zilizojaa watu wetu. Karoli amekuwa kijana mkubwa, anafanya kazi ya kupakia mizigo. Majuzi vijana walimvamia mwenye duka la simu jirani na hapo wakati anafunga mlango, wakamsukuma akavunjika mkono, wakachukua mkoba wake wakakimbia. Yeye alichoweza kusema ni kwamba mmoja alikuwa mrefu, mweusi, amevaa sweta yenye kofia. Polisi wakaenda kituo cha basi wakamkuta Karoli, mrefu, mweusi, ana sweta yenye kofia, wakamchukua. Spés anaapa kwamba mwanawe alikuwa anatoka kazini. Karoli mwenyewe hasemi neno kwa mtu yeyote, hata kwangu, isipokuwa kwa wakili wake, na wakili wake ni Fides! Nasikia aliiomba kesi hiyo mwenyewe na mkubwa wake ofisini akamkubalia. Kwa sasa hakimu amemruhusu Karoli akae nyumbani akingoja kesi, kwa masharti.

Wewe ni mtu wa kwetu, desturi unaijua. Mtoto akituhumiwa wazazi hawangoji. Mnachukua vinywaji, mzazi wa ubatizo anatangulia, mtoto anafuata nyuma yake, mnafika kwa aliyeumizwa mnapiga magoti mnasema tumekuja kuomba radhi. Hamsemi ni kweli wala si kweli, hilo halijadiliwi siku hiyo, mnachosema ni kwamba tusiwe maadui. Kambini niliifanya kazi hiyo mpaka watu wakawa wananifuata hata kwa watoto ambao sikuwabatiza, na Fides anajua vizuri, ndiye aliyekuwa anabeba chupa.

Aliyepanga safari hii ni Mzee Athanasi, mkubwa wa jumuiya yetu kule Whitehall, anajua Kiingereza na ndiye atakayezungumza na mwenye duka. Ananipigia kila siku: "Mama Fides, njoo tulimalize hili kwetu kabla halijawa kubwa." Anataka Karoli mwenyewe atamke neno nisamehe, na anasema tumrekodi kwenye simu ili hakimu aone kijana ana adabu. Ni mtu mwenye uchungu na mtoto wa mwenzake, tena wakati yeye mwenyewe amebaki mpweke, maana kijana wake Revokatus, aliyekuwa haachani na Karoli, warefu wote wawili mpaka watu kanisani walikuwa wakiwachanganya, amempeleka kwa mjomba wake Louisville juzijuzi tu akatafute kazi.

Fides alipopata habari alinipigia, hata salamu hakunipa.

"Mama, usije."

"Siji kwako. Naenda kwa mwenye duka."

"Hakimu amemkataza Karoli kumkaribia yule mtu, yeye au mtu yeyote kwa niaba yake. Ukigonga ule mlango wanamrudisha jela siku hiyohiyo."

"Kuomba radhi kumekuwa kosa tangu lini?"

"Hapa ukisema nisamehe umesema nimefanya. Na akionekana amefanya, Mama, yeye si raia. Wakimaliza kumfunga wanaweza kumfukuza nchi kabisa. Wamrudishe wapi, wakati Burundi hajawahi hata kuiona?"

Nikamwuliza, basi niambie, amefanya au hakufanya? Akanyamaza. Alikuwa na nani? Akanyamaza. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzaa, na yule kijana nimemshika mimi kwenye maji ya ubatizo, akaniambia, "Mama, please. Siwezi kumwambia mtu. Hata wewe." Nikasema basi angalau mweleze hakimu kwamba huyu si kama hawa weusi wa hapa, huyu ni mtoto wa wakimbizi, mtoto wa kanisani. Hapo akanikasirikia kama sijui nimemtukana nani. "Polisi alipomkuta kituoni hakumwuliza amezaliwa wapi. Na hao unaowaita weusi wa hapa ndio walionifundisha kazi hii." Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu maisha yake yote.

Kwa hiyo nashuku, Bi Kostansia, sikufichi. Nashuku anataka kesi iwe kubwa ili jina lake lisikike huko kwa wenzake wa maandamano. Nashuku kuna mtu Louisville aliyemjaza maneno. Nashuku ananionea aibu, mama wa wakili kupiga magoti barabarani. Na kama Karoli ni msafi, kwa nini wote wawili wamefunga midomo? Nikienda, naona nitampoteza binti. Nisipokwenda, nimemwacha peke yake mtoto niliyemwapia mbele ya Mungu. Nifanye nini?

Mama Fides, Black Rock, Buffalo

BI KOSTANSIA ANAJIBU

Mama Fides, zirudishe hizo kreti ndani. Huendi.

Wasomaji wengine wajue kwamba jibu hili nilimtumia mama huyu kwa ujumbe wa sauti siku ileile barua ilipofika, Jumamosi isingelingoja gazeti. Majina nimebadilisha, kosa nimebadilisha, hata duka si la simu. Mwenye kumtafuta Whitehall atapoteza mafuta yake bure.

Sasa, mama, pole. Nasema pole kwa moyo wote, kwa sababu najua ilivyo kuambiwa na mtoto uliyemnyonyesha kwamba hustahili kuambiwa. Inauma. Lakini umeniandikia kurasa za kushuku na mimi nimezisoma mara mbili, kwa hiyo vumilia na mimi nishuku kidogo.

Tuanze na ule mlango. Umefikiria Karoli, umefikiria Spés, umefikiria heshima yako. Mwenye duka umemfikiria? Huyo mtu ana mkono kwenye bandeji na kila mlango ukigongwa anashtuka. Jumamosi anafungua anakuta kundi la watu asiowajua, wazee na akina mama, mmoja ameinua simu anamrekodi, na katikati yao ni yule kijana anayeambiwa ndiye aliyemvamia. Unafikiri ataona magoti yako? Ataona watu wamekuja kumtisha asitoe ushahidi. Atapiga simu polisi, na mimi ningekuwa yeye ningepiga. Desturi yetu ni nzuri na mimi nimelelewa nayo, lakini inataka pande zote mbili ziijue. Huyo hajawahi kuisikia.

La pili, kunyamaza kwa binti yako. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ukimwambia mtu mmoja kwaya nzima inajua. Sasa Fides akikunong'oneza alichosema Karoli, utakaa nacho? Utampa Spés, kwa sababu ni mama yake na analia. Spés atampa jirani. Fides anakupenda na anakujua, ndiyo maana amekaa kimya. Na kiapo chake hakina mlango wa nyuma kwa ajili ya mama mzazi. Kijana wa watu anapata mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia kila kitu bila hofu, na wewe unataka kumfanya mtu huyo awe redio.

Unauliza itakuwaje serikali ilipe pande zote mbili. Ulitaka nani amlipe wakili wa Karoli, mwenye duka? Ofisi hizo zina watu wachovu wenye kesi nyingi kuliko mikono yao, na wengine, ndiyo, wanamsukuma mtu akubali kosa lolote ili faili lifungwe. Ungekuwa na haki ya kumshuku wakili wa namna hiyo. Wako anafanya kinyume chake na bado umemshuku.

Na yale maneno kuhusu weusi wa hapa, mama, usiyarudie mbele yangu. Nimeyasikia kwenye arusi zetu, kwenye misiba yetu, kwenye maegesho ya kanisa baada ya Misa, na nimechoka. Mwenye duka alisema mrefu, mweusi, sweta yenye kofia. Maneno hayo yalitosha. Hakuna aliyetafuta rozari shingoni mwa Karoli kabla ya kumfunga pingu. Watu unaotaka kumtenga nao wamefungwa kwa maelezo kama hayo tangu kabla hujazaliwa, wamejifunza kwa machungu namna ya kupigana nayo, na wakamfundisha mwanao bila kumwuliza ametoka kambi gani. Ungekuwa na adabu ungewatumia salamu.

Sasa nifike pale paliponishtua. Umemshuku binti yako. Umeishuku serikali. Umemshuku mtu wa Louisville ambaye hata jina hana, na Pasaka ukamshuku mchumba asiyekuwepo. Katika barua nzima kuna mtu mmoja tu ambaye hukumshuku hata kidogo, naye ndiye anayekupigia simu kila siku. Ana kijana mrefu. Watu humchanganya na Karoli. Walikuwa hawaachani. Tukio limetokea, na kijana ghafla yuko Louisville kwa mjomba. Na baba yake anataka Karoli, si mwingine, atamke nisamehe, tena mbele ya simu inayorekodi. Mama Fides, mimi nasikia jikoni kwangu kengele zinalia.

Simsemi Revokatus kwamba amefanya. Simjui, huenda anatafuta kazi kweli na baba yake ni mtu mwema asiyejua sheria. Wewe pia hujui, kwa hiyo usimwendee mzee wa watu na tuhuma, usimnong'oneze Spés, usilipeleke kwenye jumuiya. Utafanya kitu kimoja. Utampigia Fides, utamwambia nani anakupigia, anataka nini, na kwamba anataka kurekodi. Halafu utafunga mdomo. Usimwulize anafikiri nini. Huenda analijua tayari, na huenda hilo ndilo lililomfanya anyamaze ulipomwuliza ni nani aliyekuwa na Karoli.

Nikuambie ninaloliamini kuhusu Louisville. Hakuna aliyemjaza maneno. Huyo mtoto alikua akitembea nyuma yako na chupa mikononi, akikuona unavyotangulia mbele ya watoto wa watu wengine wakiwa na hofu, unavyopokea hasira kabla haijawafikia wao. Alipomwona yule mzee wa Kikongo amesimama mbele ya hakimu, na hakuna mtu aliyetangulia mbele yake, alijua nini kinakosekana. Akaenda kusomea namna ya kusimama hapo. Umemtafuta aliyembadilisha katika mji mzima wa Louisville, na ni wewe, mama, na nilipoelewa hivyo nililia, nami si mwepesi wa kulia.

Basi fanya hivi. Mpigie Spés umwambie safari ya kwa mwenye duka imekufa, na kwamba ni agizo la mahakama, si kiburi cha mtu. Athanasi mwambie "siji", neno hilo tu, na akiuliza sababu rudia neno hilohilo. Jumamosi panda gari uende Columbus hivyohivyo, ulale kwa Spés, umpikie Karoli ale, umshike kichwa kama ulivyomshika siku ile, na usimwulize swali hata moja. Siku ya kesi vaa nguo zako za Misa, kaa kwenye benchi nyuma yake mahali hakimu atakapokuona, ili ajue kijana huyu ana watu. Usiinuke, usilie kwa sauti, usipige magoti. Fides atasimama mbele. Wakimaliza, mngoje koridoni, na akitoka usimwulize ilikuwaje, mwulize kama amekula.

Wasomaji, najua mtaniandikia kutaka kujua yaliyotokea. Mama alikwenda Columbus. Alikaa kwenye benchi. Mengine ninayajua na siwaambii. Kesi bado iko mahakamani, na wakili amesema tunyamaze.